Mzee Majuto na hoja ya "ndivyo alivyo"

Kinyozi wangu yuko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba ambazo mgeni wa Tanga hupotea kwa kudhani namba zitamsaidia. Juu ya kioo chake kuna luninga ndogo, na tangu nianze kunyoa pale sijawahi kukuta taarifa ya habari. Ni mpira, taarabu, au Mzee Majuto. Siku ninayoisimulia ilikuwa zamu ya Majuto. Mimi niko kitini, kitambaa shingoni, sina pa kwenda. Mzee kasimama mbele ya mwanamke anayemdai hela ya matumizi. Hasemi kitu. Anageuza kichwa polepole, anautazama mlango, anayarudisha macho kwa mkewe, anafumbua mdomo kama mtu aliyepata jibu, kisha anaufumba. Neno halijatoka, na saluni nzima imeshika mbavu. Baba mmoja aliyekuwa akingoja zamu akafuta machozi, akasema: "Huyu bwana haigizi. Ndivyo alivyo."

Alisema kwa kumsifu. Wengi wetu tumewahi kusema hivyo, na tuna hakika kwamba mwigizaji hawezi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo. Mimi nimekuja kuiogopa. Naona sifa hiyo ndiyo iliyompandisha Majuto hadi kila nyumba ikamjua, na ndiyo hiyo hiyo iliyomfanya awe wa bei rahisi.

Kwa ambao wamemkuta kwenye simu tu: jina lake ni Amri Athumani, King Majuto kwa mashabiki, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alianza kuigiza akiwa bado mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakushuka jukwaani mpaka maradhi yalipomshusha. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akarudishwa Tanga kuzikwa. Hiyo ni kazi ya takribani miaka 60. Sasa pigeni hesabu nyingine. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka vituo binafsi, ITV kikiwemo, vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Majuto wakati huo ana miaka 46. Maana yake zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi yalipita bila kamera kumwona. Watazamaji wengi walimpokea akiwa ameshaiva, wakadhani ameota hivyo hivyo kama embe dodo.

Alikoivia ni kwenye vichekesho vya jukwaani, na hapa inafaa tukae kidogo, maana vijana wengi hawajawahi kukiona kichekesho cha namna ile. Mchezo haukuwa na maandishi. Wachekeshaji walikubaliana nyuma ya pazia: wewe baba, wewe mgoni, wewe utaingia na rungu mwishoni. Kisha wakatoka. Yaliyobaki yote yaliamuliwa palepale, mbele ya watu waliolipa kiingilio, mara nyingi baa, kati ya ngoma na sarakasi na taarabu. Mchekeshaji akipwaya, watu wanageukia bia zao, na hakuna mtu wa kusema "kata, turudie". Aina hiyo ya mchezo ilishamiri mashuleni enzi za ukoloni, na wa kuchekwa wakati huo alikuwa mshamba aliyefika mjini akashindwa kutumia kijiko. Baada ya uhuru mashirika ya umma, majeshi na viwanda vikaanzisha vikundi vya utamaduni, na onyesho lisilo na kichekesho likawa kama pilau bila kachumbari. Taratibu mshamba akawa mtu wa kila namna: baba bahili, mume mwoga, mzee asiyekubali kuwa amezeeka. Ukimtazama Majuto kwa makini utawaona wote mle ndani.

Basi na tuwasikilize wanaomkosoa, kwa sababu si wapumbavu.

Wanasema alikuwa mtu mmoja katika filamu zote. Jina la filamu likibadilika, nyumba ikibadilika, binti wa kufukuziwa akibadilika, mzee ni yuleyule: anapenda hela, anapenda wanawake, anaogopa mkewe, na ujanja wake humrudia usoni. Aliyenunua DVD zake tatu alikuwa amenunua moja mara tatu. Na katika miaka ile ambayo soko la filamu za Kibongo lilikuwa limewaka moto, ubaya huo ulizidi. Filamu ilipigwa siku chache, katika nyumba ya kuazima, nusu ya muda ni gari likitoka getini na gari likiingia getini. Kava inawekwa uso wa Majuto mkubwa, mdomo wazi, hata kama ndani ametokea dakika ishirini. Prodyuza alijua kwamba akiwa na uso ule, skripti haina ulazima. Wakosoaji wanauliza: mzee mwenyewe hakuliona hilo? Mbona hakukataa hata moja?

Nina jamaa yangu aliyesoma sanaa Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa 1981 na ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Yeye hasira zake ni za kitaaluma. Pale, anasema, unafundishwa kumtafuta mhusika: anatembeaje, anapumuaje, jana alikula nini. Siku moja tukiwa tumekaa ufukweni, nyuma yetu mafundi wanagongomea jahazi, aliniambia hivi: "Sisi tulihangaika kumtafuta mhusika. Majuto, mhusika ndiye aliyekuwa akimtafuta yeye." Nikacheka, ila niliona kwamba ndani ya mzaha ule kuna kidonda. Miaka mitatu ya darasani, halafu unafika Dar es Salaam unakuta kazi wanapewa watu ambao sifa yao ni "ndivyo walivyo".

Lipo la tatu, na kwa hilo sina utetezi wa kutosha. Vichekesho vya kizazi kile vilimcheka mwanamke kuliko vilivyomcheka mwanamume. Mzee kumkodolea macho binti wa rika la mjukuu wake kulifanywa jambo jepesi, la kupigiana viganja. Unaweza kusema, na ni kweli, kwamba katika visa vile mzee huishia kuumbuka: anakimbia bila viatu, anafungiwa nje, anadaiwa mbele za watu. Lakini nimewatazama dada zangu wakitazama. Kuna mahali wanacheka, na kuna mahali wanaacha kucheka sekunde mbili kabla yetu. Hizo sekunde mbili ni haki yao.

Lakini hoja ya kwanza, ya kwamba alikuwa yuleyule siku zote, naikataa. Abunuwasi amebadilika lini? Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walikuwa Pwagu na Pwaguzi wiki baada ya wiki, na watu walikaa karibu na redio kwa sababu hiyo hasa: walitaka kuona watu wanaowajua watatokaje katika kisa wasichokijua. Italia ya karne za nyuma ilikuwa na waigizaji waliovaa barakoa ya mhusika mmoja maisha yao yote, mzee bahili akiwa mmoja wao, wakiigiza bila maandishi kama wachekeshaji wetu wa baa. Na Charlie Chaplin, kuanzia 1914, alivaa suruali pana, kofia na mkongojo akatembea navyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiswahili chenyewe kina neno chale kwa maana ya mchekeshaji, na wapo wanaoamini kwamba chale ni huyo huyo Charlie. Hakuna anayelalamika kwamba Chaplin alikosa kubadilisha kofia.

Kumrudia mhusika mmoja si uvivu, mradi kila mara unamtoa mahali papya. Swali la kumuuliza Majuto ni je, alimtoa? Naona mara nyingi ndiyo, na mara nyingi hapana. Filamu za mwisho mwisho zina mengi ya kuropoka, kelele nyingi kuliko ukimya, na nikizitazama namwona mtu aliyechoka anayejua kwamba uso peke yake utalipa kodi ya siku hiyo. Ila hata humo, ghafla, kunatokea kitu kama ule mlango.

Turudi saluni. Baada ya yule baba kusema yake, aliingia kijana aliyekosa kipande kile. Baba akaamua kumsimulia. Akasimama kabisa. "Mkewe anamwambia lete hela, sasa yeye anafanya hivi," akageuza kichwa, akatazama mlango, akarudisha. Akafumbua mdomo. Kijana akasema, "Eeh?" Baba akarudia, safari hii haraka kidogo, akaongeza na kucheka mwenyewe. Kijana akatabasamu kwa heshima, kama tunavyowatabasamia wakubwa. Kinyozi akazima mashine, akasema, "Kaa tu mzee, utaharibu."

Tofauti ilikuwa nini? Nimeirudia ile sehemu nyumbani, mara nyingi, mpaka nikaacha kucheka na kuanza kuhesabu. Majuto anapogeukia mlango hageuzi macho kwanza. Anageuza kidevu, macho yanabaki kwa mkewe, halafu macho yanafuata kidevu kana kwamba yamevutwa kwa kamba. Kwa hiyo kabla hajautazama mlango, sisi tumeshajua anakotaka kwenda, na mkewe ameshajua kwamba tumejua. Akirudi, anarudi macho kwanza, kidevu nyuma. Ni mtu yuleyule anayeondoka na kurudi kwa njia mbili tofauti. Halafu mdomo: unafumbuka, unakaa wazi muda wa pumzi moja, unafumba bila haraka. Ukiufumba mapema umekuwa mtu aliyesahau neno. Ukichelewa umekuwa mjinga. Katikati hapo pana nafasi nyembamba kama upenyo wa mlango, na mtu haingii hapo kwa sababu ndivyo alivyo. Anaingia kwa sababu amewahi kukosea mbele ya watu wenye bia, usiku baada ya usiku, miaka kabla ya televisheni.

Hapo ndipo suala la sanaa linapogeuka kuwa suala la hela.

Mwaka 2018 Majuto aliugua sana. Alipelekwa India kwa matibabu, watu wakachangishana, na swali likazagaa nchi nzima: mtu aliyetuchekesha miaka yote hii, hela yake iko wapi? Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya wanasheria kuipitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Mitaani hukumu ilikuwa imeshatoka: kadhulumiwa.

Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini msikilizeni na msambazaji. Miaka ile filamu iliuzwa kwa DVD, na DVD halisi ilikuwa haijamaliza wiki sokoni kabla nakala za kuchoma hazijafika mabanda ya video na meza za stendi. Msambazaji alinunua kazi kwa mkupuo, haki zote, akabeba hasara mwenyewe ikidoda. Msanii alilipwa mkononi, siku hiyo hiyo. Ukimwambia achague kati ya mkupuo leo na asilimia ya mauzo ambayo hakuna anayeweza kuyahesabu, kwa kipato ambacho wezi wa kazi wamekigawana kabla yake, kuchagua mkupuo ni busara. Asilimia kumi ya kitu kisichoonekana ni sifuri. Na Majuto hakuwa mtoto. Alikuwa mzee wa mjini aliyeishi kwa kazi ya sanaa tangu kabla wengi wa wasambazaji hawajazaliwa. Kumwonyesha kama mtu asiyejua alichosaini ni namna nyingine ya kumvisha ujinga wa mhusika wake.

Hata sheria za dunia hazikuwa upande wake. Mkataba wa Roma wa 1961, uliowapa waigizaji na wanamuziki ulinzi, una kifungu cha 19 kinachosema mwigizaji akisharidhia kuonekana kwenye picha za kurekodiwa, ulinzi ule haumhusu tena. Mwimbaji alibaki na kitu. Mwigizaji wa filamu alitoka mikono mitupu. Ilichukua miaka 51 mpaka Mkataba wa Beijing wa 2012 kujaribu kurekebisha hilo, nao ulianza kutumika Aprili 2020. Majuto alikuwa na karibu miaka miwili kaburini. Sisi tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA yake, chombo cha kusimamia haki hizo, lakini sheria ni panga: likining'inia ukutani halikati kuni.

Kwa hiyo kwenye filamu niko nusu kwa nusu. Mkupuo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa bei ya kazi katika soko bovu. Kwenye matangazo ya biashara sipo nusu kwa nusu hata kidogo. Filamu hununua siku zako za kazi. Tangazo halinunui kazi. Dakika moja ya kusema bidhaa ni nzuri, mtu yeyote anaweza kuisema. Tangazo linamkodi mhusika. Linachukua miaka 60 ya kuaminika, ya watu kucheka kabla hujafumbua mdomo, na kuibandika kwenye bidhaa. Kitu cha kukodi kina muda, kina mipaka, na muda ukiisha mnazungumza upya. Hata banda la kuuzia chapati hukodishwa kwa mwezi. Lakini ukiamini kwamba hakuna mhusika, kwamba kuna mzee tu wa Tanga aliyezaliwa anachekesha, basi utampa posho na nauli kama mpita njia aliyepigwa picha, na utalala usingizi mzuri. Nani analipia kitu ambacho mtu kajaliwa bure?

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wanaompenda hawatalipenda. Majuto mwenyewe aliilisha imani hiyo. Wachekeshaji wengi hufanya hivyo. Mtaani walimwita kwa jina la mhusika naye akaitika, na waandishi walipomhoji alijibu kwa sauti ya mhusika. Ni biashara nzuri: watazamaji humpenda zaidi wanayedhani ni wa kweli. Chaplin alikuwa na uwezo wa kuvua kofia, kunyoa masharubu na kuingia ofisini. Mwaka 1919 yeye na wenzake watatu walianzisha kampuni yao ya United Artists ili kazi zao zisimilikiwe na wengine. Laurel na Hardy, wale Mwembamba na Mnene, hawakuvua. Walikuwa waajiriwa wa mshahara, na picha zao zilipokuja kurudiwa kwenye televisheni wakati wa uzee wao, wao hawakuambulia chochote. Wote watatu walicheza mtu mmoja kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba mmoja alikumbuka kwamba ni nguo.

Karibu na nyumbani tuna mfano mwingine. Hussein Mkieti, Sharo Milionea, kijana wa Muheza, alicheza na Majuto mara kadhaa: mzee wa pwani mbele ya kijana mwenye mbwembwe, kila mmoja akimwona mwenzake ni kichaa. Kijana alitembea kwa kurusha mabega na kuongea lafudhi ambayo Muheza haijawahi kuisikia sokoni. Hakuna aliyesema "ndivyo alivyo". Wote tulijua ni mtoto wa watu anaigiza, na tukamhesabia kuwa mbunifu. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, hapo hapo wilayani Muheza, akiwa njiani kwenda nyumbani. Hatutajua mhusika wake angezeekaje. Lakini huwa najiuliza kwa nini kijana aliyeigiza mbali na alikotoka alionekana fundi, na mzee aliyeigiza karibu na alikotoka alionekana maumbile. Wakati kuigiza karibu ndiko kugumu. Wajukuu wa wazee wanaovaa msuli na kukaa barazani Ngamiani ndio waliokuwa wakimtazama. Angekosea hatua moja wangejua.

Jamaa yangu wa Bagamoyo nilimwambia haya yote. Alikubali ule mlango. Hakukubali matangazo: alisema mhusika asiyeandikwa popote huwezi kumkodisha, utamthibitishaje mahakamani? Ana hoja. Wazo halina hakimiliki, na mhusika wa Majuto hakuwahi kuwa na karatasi; alikuwa kidevu na macho na pumzi moja. Nikamwambia basi ndiyo kazi ya watu kama yeye waliosoma: wakae na wazee waliobaki, wapige picha, waandike hatua kwa hatua kichekesho kinavyojengwa, ili siku nyingine mwanasheria awe na cha kushika. Akasema nani atamlipa. Tukanyamaza, mafundi wakaendelea kugongomea.

Wiki iliyopita nilirudi kunyoa. Luninga imeharibika, kwa hiyo kinyozi ameegemeza simu kwenye chupa ya spiriti. Vipande vya Majuto vimejaa mtandaoni, vimekatwakatwa, vimewekewa muziki na maandishi ya njano, na watu waliovipandisha wengi wao hawana hata jina la kueleweka. Nikamuuliza hiyo chaneli ya nani. Akasema, "Si ya Majuto hii?" Nikaisogelea nisome. Kabla picha haijafunguka likaja tangazo la mkopo wa simu, dada anatabasamu na noti mkononi. Tukangoja sekunde zake tano, kinyozi akabonyeza kwa kidole chenye povu, mzee akatokea.